Hija ya Miguu na Lori la Nyuma

Kila mwaka mwezi wa Mei ukielekea kwisha, Wakristo wa vijiji vyetu vya Bukoba na Missenyi hujitayarisha kwenda Namugongo, huko Buganda, kuadhimisha tarehe 3 Juni, siku waliyochomwa moto Karoli Lwanga na wenzake katika mwaka 1886. Wengi hupanda mabasi. Wengine huenda kwa miguu, mwendo uzidio kilomita 300, nao akazaye mwendo wa kilomita 30 kwa siku hatafika kabla ya siku 10. Hao waendao kwa miguu ndio tutakao kusema nao leo, na maneno yetu si matamu.

Imezuka desturi mpya katika vigango kadhaa. Kabla ya safari wanakamati hupita nyumba kwa nyumba na daftari, wakikusanya fedha za kukodi lori. Lori hilo huchukua unga, mchele, maharage, sufuria, magodoro, maturubai, hata maji ya chupa. Mahujaji hutembea mikono mitupu wakiimba. Jioni hulikuta lori limekwisha tangulia, chakula ki tayari. Hula wao kwa wao, husali wao kwa wao, hulala wao kwa wao, na alfajiri huondoka. Mwenye nyumba aliye hatua ishirini tu kutoka kambini hakuulizwa hata jina lake. Kisha wakirudi husema, "Tumekwenda Namugongo kwa miguu." Sisi twasema, hawakwenda. Walikihamisha kigango chao kwa siku 10, kikapita katika nchi ya watu bila kugusana na mtu.

Tukiwauliza, hutujibu kwamba kuomba chakula ni aibu, na tena kwamba watu wa njiani ni maskini, haifai kuwalemea. Jibu hili lina sura nzuri, walakini tulichungue. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mgeni aje na sufuria yake afunge turubai. Tena Bwana wetu alipowatuma wanafunzi wake aliwakataza mkoba na mkate na fedha, naye alijua vema kwamba watu wa Galilaya hawakuwa matajiri. Hofu ya kuwalemea maskini mara nyingi ni kiburi kilichovaa kanzu ya huruma: twapenda kuwapa wengine, lakini hatupendi wengine watupe, kwa kuwa apewaye huwa na deni.

Na kama iko njia duniani impasayo Mkristo wa kwetu kuwa na deni, ni njia hii. Natuitazame. Ukiteremka katika bonde la Kagera wafika Kyaka, na huko magofu ya kanisa lililobomolewa katika vita bado yanaonekana. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia nchi yetu ya Missenyi, yakaua watu, yakapora ng'ombe, yakavunja daraja la Kyaka. Wazee wetu waliokimbilia ng'ambo ya mto wakaacha migomba na makaburi hawajasahau. Ukipita Mutukula na Kyotera wafika Masaka. Na mji wa Masaka ulivunjwavunjwa na nani? Na majeshi yetu, Februari 1979, kulipiza kisasi cha Kagera. Mbele yake ni Lukaya, na bwawa kubwa la mafunjo la Lwera, ambako leo wauza samaki huwapungia mkono wasafiri. Hapo nako palipiganwa sana Machi mwaka ule ule. Askari wetu waliipita njia hii, wengi wao kwa miguu, hata wakaingia Kampala mwezi wa Aprili.

Basi hujaji apita nyayo kwa nyayo katika njia ya vita. Watu wa nyumba zile za kando ya barabara walipoteza, na watu wa nyumba zetu walipoteza. Serikali zilikwisha patana zamani; lakini bibi wa Masaka na bibi wa Kyaka hawajapatana, maana hawajaonana. Ni nani awezaye kuwapatanisha kama si mjukuu wa Kyaka abishaye hodi jioni, miguu imevimba, akaomba maji na pa kulala? Akikaribishwa, akala ndizi katika nyumba iliyojengwa upya juu ya kifusi, jambo kubwa limetendeka. Lori haliwezi kulitenda. Lori huwaambia wenyeji, hatuwahitaji. Na watu wa nchi ile walikwisha ona magari mengi kutoka kwetu yasiyowahitaji.

Yatupasa kukumbuka pia jinsi dini ilivyotufikia. Askofu Hirth na Wakatoliki wa Buganda waliokimbia vita vya mwaka 1892 walifika Bukoba wakiwa wakimbizi, na mwaka huo huo ikaanzishwa misheni ya Kashozi. Waliotuletea Injili walikuja wakihitaji pa kulala. Nasi leo twarudi kwao na magodoro yetu!

Hatusemi kwamba Mungu huhesabu hatua za mtu. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipozuia mikutano, watu walisali nyumbani, na sala zao hazikupotea. Mzee na mgonjwa na wapande basi kwa amani. Wala hatulikatai gari dogo la kuchukua wagonjwa, kwa maana barabara ile ina malori yaendayo mbio, na jua halimwonei mtu haya. Aliyeshindwa katikati ya njia asione aibu. Gonzaga Gonza, mmoja wa wale waliotolewa Munyonyo kwenda kuuawa, minyororo ilimkata miguu hata asiweze kuendelea, akachomwa mkuki njiani tarehe 27 Mei. Hakuiona Namugongo, wala hakuna amwonaye pungufu kati ya mashahidi.

Neno moja juu ya daftari la michango. Mjane asomewe jina lake mbele ya kanisa kwa sababu hakutoa fedha za kulisha vijana wenye nguvu? Na yule mume amwachiaye mkewe maharage yote ayavune peke yake, ili yeye asifiwe kwa kutembea, na abaki nyumbani. Hija yake iko shambani.

Wanaokwenda na waende wachache wachache, wanne au watano pamoja, si mia. Padre na aandike barua mapema kwa maparokia ya Kyotera na Masaka, wenyeji wasishtukizwe. Kila mtu achukue mwenyewe blanketi, kikombe, na kifuko cha kahawa ya kutafuna, kwa kuwa Wahaya na Waganda sote twajua maana yake mtu akupapo buni mkononi mlangoni pake. Mwenye nyumba akiwa na kuni za kupasua, apasuliwe kabla ya kulala. Na lori lisikose kazi mwezi huo: kahawa ya mjane imekwisha kuanikwa, nayo yangoja kupelekwa chamani.