Tunaowaomba Wasiondoke

Kuna maneno ambayo nikiyasikia mkutanoni huniishia hamu ya kukaa: "Mheshimiwa, ukituacha tutabaki mayatima." Mtu mzima, mwenye wajukuu, anajiita yatima mbele ya mtu aliyemchagua yeye mwenyewe! Na makofi yanapigwa. Nimeyasikia akiambiwa mbunge, nimeyasikia akiambiwa mwenyekiti wa chama cha wakulima wa miwa, na Mungu anisamehe, nimeyasikia akiambiwa mweka hazina wa kanisa ambaye vitabu vyake vya hesabu havijafunguliwa mbele ya waumini kwa miaka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Letu limekwisha kuwa maji matupu, nasi bado tumenyoosha vibuyu tukiomba kuongezwa.

Ndugu zangu wa Kakamega, tunapenda mno kuwacheka jirani zetu wa Uganda. Busia si mbali, Malaba si mbali, na ng'ambo ya mpaka kuna watu wa damu yetu. Wasamia wako pande zote mbili, na Mbukusu akikutana na Mgisu husalimiana kama watoto wa nyumba moja. Tukikutana nao matangani au sokoni tunawauliza kwa kejeli: huyo mzee wenu anaondoka lini?

Yoweri Museveni aliingia Kampala na bunduki zake Januari 1986, akasema tatizo la Afrika ni viongozi wanaopitisha muda wao madarakani. Mwaka 2005 kikomo cha vipindi viwili kikafutwa katika katiba. Mwaka 2017, wabunge wakirushiana viti na ngumi, kikafutwa pia kile kifungu kilichomzuia mtu aliyepita miaka 75 kugombea urais. Januari 2026 akatangazwa mshindi kwa muhula wa saba. Sasa niulize: je, aliyafanya haya peke yake? Hata kidogo! Mikono iliyoinuliwa bungeni ilikuwa ya watu wazima waliotumwa na vijiji vyao, na kila kijiji kilikuwa na wazee waliokwenda kumlilia Mzee asiwaache mayatima. Mng'ang'anizi wa kiti ana kosa lake, lakini aliyemshonea mto wa kukalia ana kosa zaidi.

Wengi wananiuliza kama Uganda itabadilisha uongozi kwa amani. Historia haitoi moyo. Tangu uhuru wa 1962, hakuna rais wa nchi ile aliyeshindwa kwa kura au kumaliza muda wake, akamkabidhi mwenziwe, akaenda zake shambani. Obote alimfukuza Kabaka Mutesa mwaka 1966, Amin akampindua Obote mwaka 1971, na yaliyofuata tunayajua sisi wa magharibi tuliofundishwa hesabu na sayansi na walimu waliokimbilia huku. Leo minong'ono ni juu ya mwana wa Museveni, Jenerali Muhoozi Kainerugaba, mkuu wa majeshi tangu Machi 2024. Wako wanaosema hiyo ndiyo njia ya amani. Waende wakawaulize watu wa Gabon! Omar Bongo alitawala tangu 1967 hadi alipofariki 2009, mwanawe akarithi, na Agosti 2023 walinzi wake mwenyewe wakamtoa. Hapa kwetu, Nabongo Mumia alitawala Wanga miaka na miaka, na hakuna aliyemuuliza habari ya muhula, kwa kuwa alikuwa mfalme. Rais si Nabongo.

Wala tusijitakase. Ni hapa Nairobi, Novemba 2024, mpinzani wa Museveni, Dkt. Kizza Besigye, alikonyakuliwa, akaibukia katika mahakama ya kijeshi Kampala. Mwaka huo huo mswada ulipelekwa katika Seneti yetu wa kurefusha kipindi cha rais kutoka miaka 5 hadi 7. Wakenya waliukataa kwa sauti kubwa, na hapo nawapa heko. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Lakini pana jambo moja ambalo nitawakemea bila kuwaonea haya. Tarehe 30 Desemba 2002, Daniel arap Moi, baada ya miaka 24, alikwenda Uhuru Park kumkabidhi Mwai Kibaki nchi. Aliyemtaka amrithi alishindwa, naye akakubali. Nasi tulimfanyia nini? Tulimzomea, na wengine wakamrushia matope. Sisemi alikuwa malaika. Waliokaa vyumba vya mateso vya Nyayo House wana haki ya uchungu wao. Ila mtu anayeondoka kwa hiari siku ile ile si wa kurushiwa matope. Watawala wa nchi za jirani walitazama televisheni, wakajifunza. Pale Khayega, kwenye mapigano ya mafahali, mwenye fahali mwenye akili humtoa uwanjani angali na pembe zote mbili, na watu humpisha njia. Tukiwazomea wanaotoka, nani atatoka? Mwalimu Nyerere aliacha urais mwaka 1985 akarudi Butiama, na heshima ikamfuata huko. Kwamba Tanzania hiyo hiyo ilimwaga damu Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi ambao wapinzani wakuu hawakuwamo, ni ushahidi kwamba kupokezana kiti hakutoshi ikiwa mlango wa kushindana umefungwa.

Na kwa kuwa nimetaja matanga, niwie radhi, msomaji, siwezi kupita. Matanga yetu yameharibika! Maiti iko juani, mchungaji amefunga Biblia, na familia inaambiwa ingojee helikopta. Ikitua, inapeperusha hema na mabati ya jikoni. Mheshimiwa anahutubu saa nzima juu ya mahasimu wake, marehemu anatajwa mara moja, tena kwa jina lisilo lake. Kisha bahasha. Hapo ndipo hasa wimbo wa "usituache" hufunzwa watoto wetu. Wazee wa kanisa, ninyi mnaosoma kila mwaka jinsi Musa alivyomwekea Yoshua mikono mbele ya watu wote, kipaza sauti ni chenu. Mbona mnakitoa?

Nasi tunaweza kupokezana kiti. Mwaka 2022 Wycliffe Oparanya alimaliza vipindi vyake viwili vya ugavana. Karatasi za kura zikavurugika, uchaguzi wetu ukasogezwa hadi Agosti 29. Tulinung'unika, tukangoja, tukapiga kura, na Fernandes Barasa akaapishwa. Watu wa namna hiyo hawapaswi kulia uyatima.

Sasa 2027 inabisha hodi. Vijana pale Muliro Gardens wanaimba "wantam", yaani muhula mmoja, wenzao wanawajibu "tutam", yaani miwili. Waacheni waimbe, zote mbili zimo ndani ya Katiba, na debe litaamua. Ila atakayeanzisha wimbo wa muhula wa tatu katika kaunti hii, awe mheshimiwa au mzee wa kanisa, anyang'anywe kipaza sauti kabla ya kufika kiitikio.