Redio Ikicheza Wimbo, Ihesabu na Ilipe

Nitasema bila kuzunguka: redio inayocheza wimbo wa msanii bila kumlipa ni kama broka anayebeba majani chai yako, halafu anakuambia ushukuru kwa sababu chai yako imefika Mombasa.

Sisi wa Githongo tunaelewa hii maneno vizuri sana. Mkulima akifika kituoni, majani yanapimwa, kilo zinaandikwa kwa namba yake, na pesa inafuata hizo kilo. Karani akithubutu kusema, "Mama, leo hatupimi, lakini tutakusifia majani yako," atarudi kwao bila viatu. Sasa mbona kwa muziki tunanyamaza?

Sheria iko. Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 30A kilichoongezwa 2012, inasema rekodi ikitumika redioni, aliyeimba au kupiga chombo alipwe pamoja na mwenye rekodi. Si mtunzi peke yake. Hapo tumewashinda hata Wamarekani, ambao redio zao za FM humlipa mtunzi tu. Wimbo "Respect" dunia inaujua kwa sauti ya Aretha Franklin, lakini mtunzi ni Otis Redding. FM za kwao zikiucheza, mirabaha inaenda upande wa Redding. Ile sauti haidai kitu.

Kwa hivyo kwa karatasi tuko sawa. Shida yetu ni mizani.

Mwaka wa 2019, MCSK ilitoa mgao wa kiwango kimoja, shilingi 2,530 kwa memba. Yaani kwa mgao huo, anayechezwa asubuhi hadi jioni na ambaye hajawahi kuchezwa walishika pesa sawa. Hebu fikiria bonasi ya chai ikigawanywa hivyo! Na miaka miwili kabla, KECOBO ilikuwa imeinyima MCSK leseni na kuwapa MPAKE. Wakubwa wakivutana leseni, msanii anabaki akipigiwa simu aje aimbe harusi bure.

Najua mtasema, "Lakini redio inamtangaza msanii." Sawa. Na msanii anaifanyia redio nini? Hakuna mtu anafungua Muuga FM au Wimwaro FM ndio asikie tangazo la mbolea. Anafungua kwa sababu ya lugha yake na muziki wake, halafu mbolea inampata hapo. Mwenye mbolea analipia kila sekunde, na redio inaweza kumwonyesha tangazo lake lilipita saa ngapi. Kama sekunde 30 za mbolea zinahesabika, dakika nne za wimbo zinashindwaje kuhesabika?

Mimi niliacha chuo, natengeneza video kwa simu. Nikiweka kipande kidogo tu cha wimbo wa mtu, YouTube inaugundua, na pesa ya hiyo video inaweza kwenda kwa mwenye wimbo. Sinuni, ni haki yake. Kama kijana wa simu moja anahesabiwa, kituo chenye mnara mlimani kijifiche wapi?

Mwingine atasema redio ndogo haina pesa. Basi ilipe kulingana na mapato yake. Kidogo si sifuri.

Na kuna wale wanaosema, "Tukilipa, vyama vitakula." Hiyo hoja ina uzito, siwezi kuikataa. Lakini mkulima akiibiwa kilo hatupi mizani kwenye mto. Anamtoa karani. Wizi wa chama haumfutii mwenye redio deni lake.

Ninachotaka ni vitu vitatu. Kila redio itoe kila mwezi orodha ya nyimbo ilizocheza na mara ngapi. KECOBO isipatie chama chochote leseni kama hakigawi pesa kwa kufuata hiyo orodha. Na msanii aweze kuona hesabu yake kwa simu, vile mkulima anaona kilo zake.

Wewe mtangazaji unayesoma hii, usije hapa chini kuniambia vile unapenda wasanii wa nyumbani. Weka orodha ya nyimbo ulizocheza wiki iliyopita, na useme nani alilipwa. Tunangoja.