Ladha Zisivunje Urafiki

Mabishano ya vijana juu ya hip hop na anime yamezidi, hata marafiki wa tangu utotoni wananuniana. Mmoja hudai katuni za Kijapani ni za watoto. Mwenziwe hujibu kwamba kufoka si kuimba.

Wote wawili wamesahau jambo moja. Mwaka wa 2004 Shinichiro Watanabe wa Japani alitoa Samurai Champloo, hadithi ya wapiga upanga wa kale iliyosindikizwa na midundo ya hip hop, sanaa iliyozaliwa Bronx, New York, mwaka wa 1973. Ikiwa mafundi wenyewe wamekula sinia moja, mashabiki wanagombea nini?

Kubishana ni halali, kudharauliana sivyo. Asiyekipenda cha mwenziwe na akionje kwanza, ndipo ahukumu. Ladha hubadilika, lakini rafiki akienda harudi upesi.