Basi la shule likigeuzwa nyumba, watoto watatokea wapi moto ukiwaka?

Video za aina hii zimejaa kwenye simu. Familia ya Marekani imenunua basi la shule lililostaafu, lile la njano, imeng'oa viti na kuanza kuligeuza nyumba ya magurudumu. Baba anakata chuma, mama anapima mbao za kabati, watoto wanakimbizana kwenye uwazi mrefu uliobaki. Dakika kumi baadaye kuna vitanda, jiko, choo na mapazia. Kinachopitishwa haraka mno ni siku ambayo madirisha yalitolewa na nafasi zake zikazibwa kwa bati la chuma. Kwa watoto watakaolala humo, hiyo ndiyo siku ya kuitazama polepole.

Sababu za kuziba zinaeleweka. Basi kubwa la shule lina madirisha kumi au zaidi kila upande, mengi yakiwa na kioo kimoja chembamba kisichozuia baridi wala joto. Yakizeeka huvuja. Kabati, bafu na kitanda cha ghorofa vinahitaji ukuta wa kushikilia, na hakuna anayependa kuoga mbele ya dirisha la barabarani. Kwa hiyo dirisha hutolewa pamoja na fremu yake, hukatwa bati lenye unene wa milimita moja hadi moja na nusu hivi, likapitishwa chini ya ukingo wa bati la juu ili maji ya mvua yateremkie nje, likapakwa gundi ya kuzibia, kisha likafungwa kwa ribiti. Wapo wanaolichomelea, ila moto wa kuchomelea hupinda bati jembamba, na ndiyo maana wengi hubaki na ribiti, kama basi lenyewe lilivyoundwa kiwandani.

Tatizo ni kwamba baadhi ya madirisha hayo hayakuwekwa kwa ajili ya hewa na mandhari tu. Ni milango ya dharura. Kanuni za usalama wa magari za Marekani hudai basi la shule liwe na njia za kutokea mbali na mlango wa mbele: mlango wa nyuma au wa ubavuni, na kulingana na ukubwa wa basi, madirisha yanayosukumwa nje na matundu ya paa yenye mifuniko. Madirisha ya dharura yana komeo lake na maandishi ya kuyatambulisha. Kanuni hizo ni kali kiasi kwamba basi ambalo mlango wake wa dharura umefungwa kwa kufuli halipaswi hata kuwaka injini. Wanaogeuza mabasi huuona mfumo huo kuwa usumbufu, na mara nyingi waya zake ndizo za kwanza kukatwa.

Sasa tazama ramani ya kawaida ya nyumba hizi. Kitanda cha wazazi kiko nyuma kabisa, kimeegemea mlango wa dharura, na chini yake kuna matangi ya maji, betri na masanduku. Watoto wanalala katikati, kwenye vitanda vya ghorofa, ubavuni mwao palipokuwa dirisha sasa pana bati. Jiko la gesi liko mbele, hatua chache kutoka mlango wa kuingilia. Moto ukianzia jikoni, umekaa kati ya familia na mlango pekee unaofunguka. Mrembo aliyepanga mapazia hakuliona hilo, na mara nyingi fundi naye hakuulizwa.

Wamarekani wana sababu ya kulijua jambo hili. Usiku wa Mei 14, 1988, karibu na mji wa Carrollton katika jimbo la Kentucky, basi lililowahi kuwa la shule na wakati huo likimilikiwa na kanisa lilikuwa likirudisha vijana kutoka matembezini. Lilikuwa na watu 67. Dereva mlevi aliyekuwa akiendesha upande usio wake aligongana nalo uso kwa uso. Mafuta yakawaka, mlango wa mbele ukawa hautumiki, na wote wakakimbilia mlango mmoja wa nyuma kupitia njia nyembamba kati ya viti. Watu 27 walikufa, wengi wao watoto na vijana. Hawakuuawa na mgongano, bali na moto na moshi. Baada ya hapo Kentucky iliongeza milango na madirisha ya dharura kwenye mabasi yake ya shule. Kila dirisha la dharura linalozibwa leo kwa bati linarudisha basi kule lilikokuwa kabla ya usiku ule.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki ambaye hana mpango wa kununua basi, habari hii haiko mbali. Machi 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos nchini Kenya, wavulana 67 walikufa bweni lilipochomwa moto usiku. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa Kenya mwaka 2008 unataka madirisha ya mabweni yasiwe na vyuma na yafunguke kwa nje. Majumbani, hata hivyo, nondo za dirisha bado huchomelewa moja kwa moja ukutani, na kontena linalogeuzwa duka lenye chumba cha kulala nyuma huwa na mlango mmoja tu.

Kuziba si dhambi. Suala ni kuziba yapi. Wanaofanya kazi hii kwa uangalifu huanza kwa kuamua nani atalala wapi, kisha huacha dirisha la dharura au tundu la paa karibu na kila kitanda. Mlango wa nyuma huachwa ukifunguka kwa ndani bila ufunguo na bila kuhamisha godoro. Baada ya hapo ndipo bati hukatwa. Ikifanyika kinyume chake, mtu hujikuta anatoboa tena ukuta alioumaliza jana, na kwa kawaida hatoboi.

Kuna na hatari ya kazi yenyewe, na hii inawahusu hata watoto ambao hawatalala ndani ya basi lolote. Rangi ya njano ya mabasi ya zamani ya shule ilitengenezwa kwa kemikali yenye madini ya risasi. Kuisugua kwa mashine ili bati jipya lishike vizuri ni kuigeuza vumbi. Vumbi hilo hutua sakafuni, kwenye nguo za baba na mikononi mwa mtoto anayetambaa, na mikono ya mtoto huishia mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa watoto wadogo huathiri ubongo unaoendelea kukua, na madhara yake hayaponi kwa dawa. Kufagia pakavu hulirusha tena vumbi hewani. Afadhali kupangusa kwa kitambaa chenye maji, na nguo za kazi zivuliwe kabla ya kumbeba mtoto, zifuliwe peke yake.

Bati lililopakwa zinki lina lake. Likichomelewa hutoa moshi mweupe wa zinki, na aliyeuvuta huweza kwenda nyumbani akiwa mzima, kisha saa chache baadaye akatetemeka kwa homa, maumivu ya misuli, kikohozi na ladha ya chuma mdomoni. Kwa kawaida hupoa ndani ya siku moja au mbili. Huku kwetu homa ya namna hiyo hudhaniwa malaria, hivyo ni vyema mgonjwa amweleze mhudumu wa afya kwamba alikuwa akichomelea. Kupumua kwa shida au kubanwa kifua si jambo la kusubiri asubuhi. Maziwa, ambayo mafundi wengi huyanywa wakiamini yanasafisha mapafu, hayaendi kwenye mapafu, yanaenda tumboni. Kinachosaidia ni kukwangua zinki mahali pa kuchomelea, kufanyia kazi palipo wazi na kuvaa barakoa ya mafundi, siyo kitambaa.

Watoto hupenda kutazama cheche. Mwanga wa kuchomelea huunguza uso wa jicho kama jua linavyounguza ngozi, ila maumivu huja baadaye, aghalabu usiku: macho mekundu yanayotoa machozi, kana kwamba yametiwa mchanga. Vipande vya viazi na dawa za kuazima kwa jirani viachwe. Apelekwe kituo cha afya, na kesho yake akae mbali na karakana.

Basi likishazibwa na kupakwa rangi, linabaki suala la hewa. Familia ya watu wanne ikilala hutoa mvuke usiku kucha. Mvuke ukigusa bati la baridi hugeuka maji, maji hujificha nyuma ya mbao, na ukungu huota humo. Mtoto mwenye pumu ndiye wa kwanza kulitambua. Kitu cha kuzuia baridi kinapaswa kushikamana na bati bila kuacha uwazi, na feni ya paa iwe inatoa hewa nje hata wakati wa baridi.

Kibaya zaidi ni hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Hutoka kwenye jiko la gesi, kipasha joto na jenereta, na ni ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Madirisha kumi yanayovuja yalikuwa yanaipunguza bila mtu kujua. Yakizibwa, kazi hiyo hubaki bila mfanyaji. Ndiyo sababu kifaa cha kuitambua hewa hiyo na kile cha kutambua moshi huwekwa karibu na vitanda kabla ya usiku wa kwanza. Jenereta hukaa nje, mbali na dirisha lolote lililosalia.

Na usiku huohuo wa kwanza, kabla ya taa kuzimwa, kila mtoto apewe nafasi ya kufungua dirisha la dharura kwa mkono wake mwenyewe. Komeo likimshinda mtoto wa miaka sita, lilainishwe au libadilishwe, na hadi hapo alale karibu na mtu mzima anayeweza kulifungua.