Neno la Mhariri: Rai ya Msomaji Mbele ya Riwaya Pendwa

Toleo hili tumeliweka kwa ajili ya riwaya pendwa, yaani hadithi zile za upelelezi, za ujasusi na za mapenzi ambazo wasomaji wa Kiswahili wamezipokea kwa mikono miwili tangu siku za mwisho za utawala wa Waingereza hata leo, na ambazo aghalabu wataalamu wetu wamezipita bila ya kuzitazama, au wakizitazama, huzitazama kwa jicho la kadhi aliyekwisha kukata hukumu kabla ya kusikiliza mashahidi. Kabla ya kuwaachia uwanja waandishi walioitikia mwito wetu, nimeona ni wajibu kwangu kuiweka bayana rai yangu mintarafu ya vitabu hivi, kwa kuwa katika miezi iliyopita nimevisoma kwa mfululizo, vingine kwa mara ya pili, na mhariri anayewataka wenziwe waseme wanayoyaamini hana ruhusa ya kunyamaza yeye mwenyewe.

Nadai kuwa riwaya pendwa inastahiki kuhukumiwa kwa mizani ile ile tunayowapimia Shaaban Robert na Euphrase Kezilahabi, wala haifai kusamehewa taksiri zake kwa kuwa ni kitabu cha kupumzishia akili. Na kwamba tukiipima hivyo, tutaona kuwa kilichokiweka hai kitabu, hata miaka 50 na zaidi baada ya kuchapishwa kwake, si kasi ya matukio wala wingi wa maiti, bali ni ujuzi wa mwandishi juu ya mahali anapopasimulia, na juu ya watu wa hapo, jinsi wanavyoishi, wanavyofichana siri na wanavyosemezana.

Naanza na Muhammed Said Abdulla, kwa kuwa ndiye mtangulizi na kwa kuwa, nionavyo mimi, bado hajapitwa. Alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, akafanya kazi ya ukaguzi katika idara ya afya ya serikali ya kikoloni, kisha mwaka 1948 akaingia katika uhariri wa magazeti, na kuanzia mwaka 1958 akawa mhariri wa Mkulima hata alipostaafu mwaka 1968. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa mwaka 1960. Nayataja haya kwa sababu napenda kuamini kuwa kazi zake mbili zimo ndani ya vitabu vyake: jicho la mkaguzi, ambalo haliachi kuona kitu kilichowekwa mahali pasipo pake, na sikio la mwandishi wa gazeti, aliyezoea kuwasikiliza watu wakimweleza habari moja kwa njia tatu zinazopingana.

Wako wasemao kuwa mpelelezi wake Bwana Msa, pamoja na kiko chake na sahibu yake Najum, ni Sherlock Holmes aliyehamishiwa Unguja, na deni hilo kwa Arthur Conan Doyle halikaniki. La kuulizwa ni hili: Abdulla alikopa, je, alichokikopa alikitumiaje? Katika Mzimu wa Watu wa Kale maiti ya mwenye shamba yaonekana penye mzimu, haina kichwa, na papo hapo jawabu ya watu iko tayari, kwa kuwa mzimu wenyewe unaogopwa na habari zake zajulikana. Katika Kisima cha Giningi, kilichotoka mwaka 1968, jina lenyewe la kitabu latupeleka Giningi, mji ambao watu wa visiwani husimulia kuwa ndiko wachawi wakutanikako. Bwana Msa basi hana kazi ya kumtafuta muuaji peke yake. Anayo pia kazi ya kupita katikati ya itikadi za watu wake, ambao ni majirani na jamaa zake, mpaka aufikie mkono wa binadamu uliotenda. Na silaha yake si bastola. Ni maswali, ni subira, ni kukaa barazani akanywa kahawa na kusikiliza nani ni mtoto wa nani, nani aliolewa wapi na kwa nini akaachwa, nani ana haki katika urithi na nani anadhani kuwa anayo. Msomaji aliyezaliwa pwani hujua kwamba siri za nyumba zetu hukaa humo hasa, katika nasaba na mirathi, na kwa hiyo fumbo la Abdulla halikupachikwa juu ya jamii. Limechipuka kutoka humo humo.

Sisemi kuwa hana kasoro. Katika vitabu vya baadaye, Mwana wa Yungi Hulewa cha mwaka 1976 kikiwa mmojawapo wa mifano, mafundo ya ukoo yamezidi kiasi, hata msomaji atamani kalamu na karatasi achore mti wa nasaba kabla ya kuendelea. Na kuna mahali ambapo Bwana Msa hupenda kujisikiliza asemapo, maelezo ya mwisho yakarefuka hali ya kuwa akili ya msomaji imekwisha kufika. Walakini hata katika kurasa hizo ndefu lugha yenyewe hainichoshi. Utani, ubishi wa marafiki, adabu ya mgeni anayebisha hodi na ya mwenyeji anayemkaribisha huku moyoni hamtaki, yote hayo yameandikwa kwa Kiswahili chenye fasaha ambacho sijakiona tena katika riwaya ya upelelezi tangu alipofariki mwaka 1991.

Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, iliyotoka mwaka 1965, naipita kwa haraka, si kwa kuidharau, maana ndiyo iliyoufungulia upelelezi mlango wa Dar es Salaam, mji wa ofisi, simu na watu wasiojuana kwa baba wala kwa mama. Ila naona kuwa waliokuja baada yake ndio walioutumia mlango huo kwa ukamilifu zaidi.

Elvis Musiba ndiye aliyenipa taabu kubwa ya kuamua. Kufa na Kupona, cha mwaka 1974, kilimleta Willy Gamba, jasusi anayetumwa kuzima njama dhidi ya vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, na wale wasioukumbuka wakati ule hawana budi kukumbushwa kuwa jambo hili halikuwa dhana ya mtunzi. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963; wapigania uhuru waliishi miongoni mwetu, na baadhi yao, kama Eduardo Mondlane mwaka 1969, waliuawa papo hapo mjini kwa bomu. Musiba aliandika akiwa na ghera ya kweli, na ghera hiyo huwaka hadi leo. Nimemaliza Kikosi cha Kisasi, kitabu chake kingine, bila ya kukiweka chini, nami sioni haya kulisema hilo. Lakini nilipokifunga, nilijiuliza nimeijua vipi Kinshasa ambako nilipelekwa, na jawabu ikawa kwamba niliyoijua ni hoteli, vilabu vya usiku na magari yanayofukuzana, vitu ambavyo lau vingehamishiwa mji mwingine wowote visingepungukiwa na kitu. Wanawake nao, kila waingiapo, hutangulizwa na uzuri wao, wakapimwa kuanzia kichwani mpaka miguuni kabla ya kuruhusiwa kusema neno, na wengi wao hufa au husahauliwa kabla hatujajua walikuwa wakitaka nini. Mwandishi aliyeweza kuona kwa uwazi vile dhuluma ya Makaburu, kwa nini macho yake yalipungua nguvu alipowatazama dada zake? Swali hili naliuliza kwa uchungu, kwa sababu kitabu chenyewe nakipenda.

Ben Mtobwa, mtoto wa Kigoma aliyefariki mwaka 2008, alirithi njia hiyo na akaitia ufundi. Joram Kiango wake ni ndugu wa Willy Gamba kwa tabia, ila sentensi za Mtobwa zina mapigo, zajua pa kukatika na pa kuendelea, na Nuru, mwenzi wake Joram, amepewa akili na ushujaa ambao wanawake wa Musiba walinyimwa, ingawa naye bado hutambulishwa kwetu kwanza kwa sura. Hata hivyo, kitabu cha Mtobwa ninachokiweka mbele ya vyote ni Dar es Salaam Usiku, kwa sababu humo jiji lenyewe ndilo limekuwa mhusika, na mwandishi amewasogelea watu wake wa usiku kwa huruma ambayo jasusi, kwa sharti la kazi yake, hana nafasi ya kuwa nayo.

Na hapa ndipo ninapofika kwenye Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, ambayo wengine watanikatalia kuiita riwaya pendwa kwa kuwa imeingia madarasani. Nasema itazameni vizuri: mna msichana aliyeozwa kwa mume anayeweza kuwa babu yake, mna kutoroka, mna mapenzi ya siri, mna polisi wanaomwinda mpigania uhuru, mna nyimbo za taarabu na usiku mrefu. Hakuna kiungo cha riwaya pendwa kilichokosekana. Kilichozidi ni kwamba Yasmin, binti wa Kihindi, anapokimbia nyumba ya mumewe, Bwana Raza, hakimbilii mikononi mwa shujaa. Anakwenda kugonga mlango wa Mwajuma, mwanamke wa Kiswahili asiye na mali, na katika chumba cha Mwajuma ndipo Unguja ya kabla ya uhuru inapofunuka, pamoja na mipaka yake ya rangi na ya kabila, na jinsi watu wa kawaida walivyokuwa wakiivuka kwa wema tu. Kuishi kule kwa wanawake wawili, wakigawana kidogo walichonacho, mmoja akimfundisha mwenziwe namna ya kutembea mjini bila ya hofu, ndiko kulikonifanya niusahau wakati. Denge, mpigania uhuru huyo, na harakati zake nimezifuata kwa heshima. Mwajuma nimemfuata kwa mapenzi. Filamu aliyoitengeneza Amil Shivji kutokana na kitabu hiki, ambayo ilionyeshwa Toronto mwaka 2021, ina uzuri wa macho usiokanika, na wale walioiona kwanza nawasihi wakirudie kitabu, ambako Mwajuma ana nafasi ya kuzungumza mpaka atosheke.

Najua watakaonijibu kuwa vitabu hivi vimewafundisha maelfu ya watu kupenda kusoma, na kwamba kuvitia katika mizani ni kukosa shukrani. La kwanza nalikubali kabisa. La pili silikubali, kwa kuwa msomaji aliyefundishwa kupenda kusoma ndiye hasa mwenye haki ya kudai zaidi, na mwandishi anayesifiwa na kila mtu kwa maneno yale yale hana awezalo kujifunza kutokana na sifa hizo. Kijana anayeandika hivi leo hadithi ya mfululizo kwa ajili ya wasomaji wa simu, akiwakatia sura mahali pa kuwatia kiherehere, hana budi kuambiwa waziwazi na wasomaji wake ni wapi walipomwamini na ni wapi walipoona kuwa anawaharakisha ili wasiulize.

Kwa hiyo kurasa za mwisho za toleo hili, na za matoleo yatakayofuata, tumezitenga kwa rai za wasomaji. Masharti ni machache: mwenye rai akitaje kitabu alichokisoma kikamilifu, aonyeshe mahali kilipomridhisha au kilipomuudhi, na aeleze sababu, asiseme tu kuwa kimemfurahisha. Barua zitakazonipinga juu ya Musiba zitatangulia nyingine zote, na mwandishi yeyote aliye hai ambaye kazi yake itajadiliwa atapewa nafasi ya kujibu katika toleo lile lile.