Tone Moja la Vayoleti
Wiki hii, stendi ya Misuna hapa Singida, muuza manukato ya kupima alimpaka mama mmoja tone la harufu ya ua la vayoleti kwenye kifundo cha mkono; mama akanusa, akatabasamu, kisha akalalamika kuwa harufu imekwisha. Haikuwa imekwisha. Ayononi, kiini cha harufu hiyo ambacho wanakemia wa Ujerumani walikiunda mwaka 1893, hulaza pua kwa muda, halafu pua huamka tena. Naipenda sana harufu hii inayojificha: ajipakaye husahau, jirani hukumbuka. Ndiyo maana anayeongeza tone juu ya tone kabla ya kupanda basi la Dodoma hajipambi, anawanyima wenzake hewa. Tone moja nyuma ya sikio linafika Manyoni bila shida.