Homoni, saratani ya matiti na hesabu ya mwanamke wa Kilombero

Tangu Julai 2002, utafiti wa Marekani uliohusisha wanawake 16,608 uliposimamishwa kabla ya muda wake, dawa za homoni kwa waliokoma hedhi zimekuwa zikitajwa sambamba na saratani ya matiti. Takwimu zenyewe hazikutisha kama vichwa vya habari. Katika kila wanawake 10,000 waliotumia estrojeni pamoja na projestini kwa mwaka mmoja, waliougua saratani hiyo waliongezeka kwa wanane, ilhali waliovunjika nyonga walipungua kwa watano. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63, umri ambao wengi wamekwishavuka adha ya joto la ghafla. Aidha, kwa waliokwisha kutolewa kizazi, ambao walipewa estrojeni pekee, ongezeko hilo halikuonekana.

Hesabu hiyo ilipigwa katika nchi ambako wanawake wengi hupigwa picha ya matiti mara kwa mara. Ikihamishiwa Ifakara, inabadilika.

Kwa mwanamke wa bonde la Kilombero anayeamka usiku akiwa amelowa jasho, na alfajiri anasubiriwa shambani kwenye mpunga, jambo la kwanza kudhaniwa ni malaria. Ukomo wa hedhi hutajwa baadaye, pengine usitajwe kabisa. Ni kweli kwamba saratani ya matiti huwapata Watanzania kwa kiwango cha chini kuliko Wamarekani, hivyo nyongeza itokanayo na dawa nayo ingetarajiwa kuwa ndogo. Lakini wagonjwa wengi nchini hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa, na anayehitaji tiba ya mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ana safari ya takriban kilomita 400, mbali na nauli, malazi na shamba linalobaki bila mtu. Uvimbe uleule una gharama nyingine huku.

Hata hivyo, kumnyima homoni mwanamke aliyeondolewa kizazi na ovari akiwa na miaka 38, kwa hofu ya mwaka 2002, ni kumwachia mifupa dhaifu bila sababu ya kutosha. Aliye na miaka 62 na uvimbe usiochunguzwa hapaswi kuandikiwa. Kati ya hao wawili, uamuzi huanza kwa kupima shinikizo la damu, kuuliza historia ya familia na kukagua matiti kwa mikono, kazi isiyohitaji umeme wala mashine, bali mhudumu aliyefunzwa na chumba chenye pazia.